Panya Anayeuma Huenda Anaumwa

Panya anajulikana zaidi kwa uharibifu wake ghalani na kwa maradhi anayoyaeneza. Hata hivyo, katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika Kaskazini yuko panya mwingine, ambaye huishi nyumbani kwa ridhaa ya mwenye nyumba, hulishwa, hupewa jina, na hupelekwa kwa daktari anapougua. Huyo ni mzawa wa panya wa kahawia, ambaye kwa lugha ya sayansi huitwa Rattus norvegicus. Ufugaji wake ulianza kuenea Ulaya katika karne ya 19. Mnamo mwaka 1906 Taasisi ya Wistar ya Philadelphia, Marekani, ilianza kuzalisha ukoo wa panya weupe kwa ajili ya utafiti, na koo nyingi za panya wa maabara zilizopo leo zina asili yake katika ukoo huo.

Kwa kawaida panya mfugwa ni mnyama mpole. Hukaa begani mwa mtu, na huweza kufundishwa kuitikia jina lake. Lakini hutokea mmoja akageuka kuwa mkali: husimamisha manyoya, hupinda mgongo, hufoka, na huuma kila mkono unaoingia katika kizimba chake. Wafugaji wengi humhesabu kuwa ana tabia mbaya, wakamwacha bila matunzo au wakamuua. Aghalabu uamuzi huo hufanywa kabla ya kuulizwa swali la msingi: je, mnyama huyu anaumwa?

ASILI YA UKALI

Ukali wa panya una vyanzo vinne vikuu, navyo ni urithi, malezi, homoni na maumivu.

Urithi ulichunguzwa kwa kina huko Novosibirsk, Urusi. Mwaka 1972 mwanasayansi Dmitri Belyaev na wenzake walianza kuzalisha panya wa kahawia waliokamatwa mwituni. Katika kila kizazi panya walipimwa kwa namna wanavyoupokea mkono uliovikwa glavu. Wapole walizalishwa na wapole wenzao, na wakali na wakali wenzao. Baada ya vizazi vingi zilipatikana koo mbili zilizo tofauti kabisa: mmoja huvumilia kushikwa, na mwingine huurukia mkono kwa ghadhabu. Ni dhahiri basi kwamba sehemu ya ukali huzaliwa nayo mnyama.

Malezi nayo yana nguvu kubwa. Ushahidi wake unapatikana Morogoro, Tanzania, ambako shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Panya buku ni jamii nyingine kabisa, lakini kanuni ni ile ile: watoto wake huzoezwa mapema kushikwa na watu, kusikia kelele na kukanyaga ardhi ya namna mbalimbali, ili wakikua wasishtuke. Panya ambaye hakushikwa utotoni huuona mkono wa mtu kama mnyama mwindaji.

Homoni huhusika zaidi kwa madume. Dume aliyekuwa mpole huweza kubadilika afikishapo miezi mitano au zaidi, homoni za kiume zinapokuwa zimepamba moto. Dalili yake ni kukojoa kila mahali, kujisugua ubavu ukutani, na kuwashambulia wenziwe wa kizimba kimoja.

Chanzo cha nne, yaani maumivu, ndicho kinachosahauliwa mara nyingi. Panya ni kiumbe anayewindwa na wengi, na kiumbe wa namna hiyo hakudhihirishi udhaifu wake. Huficha ugonjwa mpaka umekomaa. Sauti zake nyingi za dhiki ziko kwenye mitetemo ipatayo 22,000 kwa sekunde, nalo sikio la binadamu haliwezi kusikia zaidi ya 20,000. Kwa hiyo mnyama huweza kulia mbele ya mfugaji wake bila kusikika. Kilio kinachotambulika upesi ni meno yake.

MARADHI YALIYOJIFICHA

Ugonjwa unaowasumbua panya wafugwao kuliko mwingine wowote ni ule wa mapafu unaoletwa na bakteria aitwaye Mycoplasma pulmonis. Mtoto huupata kutoka kwa mama yake, na huweza kukaa nao muda mrefu bila dalili yoyote. Baadaye huanza kupiga chafya, pumzi hukoroma, na hatimaye mbavu huonekana zikipanda na kushuka kwa taabu. Mara nyingine ugonjwa huingia sikioni, na kichwa kikainama upande mmoja. Dawa hupunguza makali yake, lakini kwa kawaida hazimwondoi kabisa bakteria huyo mwilini.

Uchafu wa kizimba huongeza hatari hiyo. Mkojo unapooza hutoa hewa ya amonia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1976 ulionyesha kwamba amonia, hata kwa viwango vya kawaida vya vizimba vichafu, huyazidisha maradhi ya mapafu ya Mycoplasma. Maranda ya mbao zenye harufu kali, kama vile mwerezi, nayo huwasha njia za pumzi.

Maradhi mengine ni uvimbe wa matiti kwa majike, ambao huweza kuota popote kuanzia shingoni hadi kinenani, majipu, vidonda vya nyayo, na meno ya mbele yaliyorefuka kupita kiasi, kwani meno hayo hayakomi kukua. Kwa panya wazee, hasa majike, uvimbe wa tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huweza kubadili tabia ghafla. Mnyama hushindwa kushika chakula kwa mikono yake na husukuma kichwa chake ukutani.

Majimaji mekundu yanayozunguka macho na pua huwatisha wengi wakidhani ni damu. Kwa kawaida si damu, bali ni rangi itokayo katika tezi iliyo nyuma ya jicho. Lakini yasipuuzwe, kwa sababu huzidi kutoka mnyama anapougua au anapokuwa na dhiki.

NAMNA YA KUMKARIBIA

Kwanza mfugaji aangalie bila kugusa. Panya mzima aliyetulia huvuta pumzi kiasi cha mara 70 hadi 115 kwa dakika, kimya na bila kutumia nguvu. Pili, apimwe uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni. Kupungua kwa uzito ni dalili inayotangulia nyingine nyingi.

Ili kumpima panya mkali si lazima kumkamata. Huwekwa kopo au kisanduku chenye chakula kidogo ndani ya kizimba, akaingia mwenyewe, kisha chombo kikawekwa mizanini. Kamwe asinyanyuliwe kwa ncha ya mkia, kwa maana ngozi yake huchunika. Ikibidi ashikwe, afunikwe kwa taulo nene, na kifua chake kisibanwe, hasa akiwa na ugonjwa wa mapafu. Hofu na kubanwa kwa pamoja huweza kumuua.

Haifai kumlisha kwa kupenyeza vidole kati ya nyaya za kizimba, maana hujifunza kwamba kila kinachopenya ni chakula. Macho ya panya ni hafifu, hasa ya wale weupe wenye macho mekundu. Hutegemea pua zaidi. Basi sauti na harufu ya mfugaji zitangulie mkono wake. Mazoezi yawe mafupi, ya kila siku, wakati wa jioni anapoamka. Kumpiga hakufundishi chochote ila woga.

TIBA NA VIPIMO VYAKE

Mnyama aliyegeuka mkali ghafla apelekwe kwa daktari wa mifugo. Ni hatari kumpa dawa za binadamu kwa kukisia. Panya wa gramu 400 ni sehemu moja tu kwa 150 ya mtu wa kilo 60, na tena panya hawezi kutapika. Sumu ikishaingia hairudi.

Kwa dume mwenye ukali wa homoni, kuhasiwa husaidia sana, ingawa tabia huchukua wiki kadhaa kubadilika. Hapa ndipo mashaka makubwa yalipo. Dawa ya usingizi ni hatari kwa mapafu mabovu, na dume anayehitaji kuhasiwa mara nyingi ndiye huyo huyo anayekoroma. Hapana budi mapafu yatibiwe kwanza, kisha daktari apime faida na hasara.

Panya aliyejeruhi wenziwe atengwe, lakini awekwe karibu nao waweze kunusana, kwani panya ni mnyama wa jamii na upweke humdhoofisha.

USALAMA WA MFUGAJI

Kidonda cha meno ya panya si cha kudharauliwa hata kikiwa kidogo. Kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi, na aliyeumwa aende hospitali, ambako pia ataangaliwa kama anahitaji chanjo ya pepopunda. Homa, vipele au maumivu ya viungo siku chache baadaye huweza kuwa ishara ya homa ya kuumwa na panya, ambayo huweza kuua isipotibiwa ingawa viuavijasumu huiponya. Daktari aelezwe waziwazi kwamba mgonjwa aliumwa na panya.

Umri wa panya mfugwa ni miaka miwili hadi mitatu tu, na mwezi mmoja wa maumivu kwake ni sehemu kubwa ya maisha. Yako maradhi yasiyo na tiba, na kwa hayo daktari huweza kushauri mnyama alazwe usingizi wa mwisho pasipo mateso. Lakini hukumu hiyo itolewe baada ya uchunguzi. Wako panya wengi ambao, baada ya jipu kupasuliwa, jino kukatwa au pumzi kufunguka, ukali wao hutoweka bila kufundishwa lolote.