Kukausha matunda nyumbani: kazi kubwa hufanywa na hewa

Usukumani kiazi kitamu hukatwa vipande, kikaanikwa juani siku kadhaa, kikawa michembe ya kuliwa miezi mingi baadaye. Anika vipande vya embe namna hiyohiyo juu ya paa Temeke au Mombasa mwezi Desemba, na huenda siku ya pili ukavikuta bado vinanata, nzi wametanda, na pembeni ukungu umeanza kuota. Lawama hupewa jua, lakini jua la Pwani ni kali vya kutosha. Tofauti iko kwenye hewa.

Michembe huanikwa wakati wa kiangazi, hewa ya bara ikiwa kavu na yenye nafasi tele ya kupokea mvuke. Maembe ya Pwani huiva wakati hewa imeshajaa unyevu wa bahari na wa mvua za vuli. Chukua hewa ya nyuzi joto 30 yenye unyevu wa asilimia 75, hali isiyo ngeni Dar es Salaam. Ipashe moto hadi nyuzi 60 na unyevu wake unashuka hadi kama asilimia 16, ingawa hakuna tone la maji lililotolewa humo. Kilichoongezeka ni uwezo wake wa kubeba: hewa ya nyuzi 60 hubeba mvuke zaidi ya mara nne ya ile ya nyuzi 30. Ipitishe juu ya kipande cha embe, nayo itafyonza maji kwa kasi ambayo hewa ya uani haiwezi.

Kikaushio cha umeme kimejengwa juu ya jambo hilo moja. Ni sanduku lenye trei za matundu, koili ya kupasha joto, kidhibiti joto na feni. Watu wengi huangalia koili, lakini mimi naihesabu feni kuwa moyo wa mashine. Isipokuwepo, mvuke uliotoka kwenye tunda hubaki umelizunguka na ukaushaji hudorora. Ndiyo maana oveni iliyofungwa mlango huoka matunda badala ya kuyakausha.

Kilo moja ya nyama ya embe ina maji karibu gramu 830. Ukiikausha mpaka maji yabaki asilimia 15, unapata gramu 200. Nyingine 800 zimekwenda na upepo. Kugeuza maji hayo kuwa mvuke huhitaji nishati ya takribani nusu uniti ya umeme, lakini mashine hula zaidi kwa sababu joto jingi hutoka na hewa. Kikaushio cha wati 400 kikiwaka mfululizo saa 10 kitatumia uniti 4, kiwe na trei moja au trei zote. Kwa hiyo kuwasha mashine kwa embe mbili ni hasara. Subiri bei ishuke sokoni, ujaze trei zote.

Kosa linaloharibu kazi ya wengi ni haraka. Joto linalofaa matunda ni nyuzi 55 hadi 60. Mtu akipandisha hadi 80 ili amalize mapema, uso wa kipande hukauka kabla maji ya ndani hayajafika nje, ukawa ngozi ngumu inayoyafungia humo. Ukikishika utadhani kimekauka, kumbe katikati kuna unyevu, na ndani ya siku chache ukungu utakuonyesha ulipo. Kata vipande vya unene wa nusu sentimita, vyote sawa, na uvipange bila kugusana. Embe na ndizi kwa kawaida huchukua saa 8 hadi 12, nanasi huzidi hapo. Parachichi liache: mafuta yake huchacha.

Kabla ya kupanga trei, vichovye vipande kwenye maji yenye ndimu au limau. Tunda likikatwa, kimeng'enya chake hukutana na hewa na kulifanya liwe la kahawia, asidi hukizuia. Ndimu ina faida nyingine ninayoiona kubwa zaidi. Joto la nyuzi 60 haliui bakteria wote, na wengine, kama Salmonella, huweza kustahimili ukavu. Asidi huwadhoofisha. Papai na ndizi mbivu hazina uchachu wa kutosha, hivyo hizo ndizo zinazoihitaji zaidi, pamoja na mikono, kisu na ubao safi.

Utajuaje limekauka? Toa kipande, kiache kipoe kabisa, kwa maana kikiwa cha moto huwa laini na hudanganya. Kikunje: kinapaswa kukunjika kama ngozi ya kiatu bila kuvunjika. Kichane katikati, ubane pale kilipochanika. Kikitoa vitone vya maji, kirudishe.

Pengine utashangaa kwamba tunda lenye maji asilimia 15 halioi, wakati mboga lazima ikauke mpaka ivunjike. Sababu ni sukari. Huyashika maji yaliyobaki hata vijidudu visiweze kuyatumia, kazi ileile inayofanywa na chumvi kwenye ng'onda.

Sukari hiyo ndiyo inayohitaji uangalifu mezani. Iliyokuwa ndani ya kilo ya embe, kama gramu 140, sasa yote iko kwenye zile gramu 200. Nyuzinyuzi na madini yamebaki. Vitamini C imepungua sana, kwa kuwa haivumilii joto wala hewa. Asili ya vitamini A husalimika vizuri zaidi kikaushioni kuliko kwenye jua la moja kwa moja. Uingereza, Huduma ya Taifa ya Afya huhesabu gramu 30 za tunda kavu kuwa kiasi cha mlo mmoja, na hushauri liliwe pamoja na chakula kwa sababu hunata kwenye meno. Mwenye kisukari apime kiasi kama anavyopima wali. Mgonjwa wa figo aliyekatazwa potasiamu amwulize daktari kabla ya kugusa ndizi kavu.

Matunda yakishapoa, yatie kwenye chupa za kioo zenye mfuniko, theluthi mbili tu, na uzitikise kila siku kwa wiki nzima. Vipande vilivyokauka zaidi hunyonya unyevu wa vile vilivyobakiza. Ukiona umande ndani ya kioo, rudisha vyote kikaushioni. Ukiona ukungu, tupa chupa yote, usikate palipoharibika wala usiwape kuku. Baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu, ile iliyoua watu 125 Kenya mwaka 2004 kwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Imewahi kukutwa hata kwenye tini kavu, na kuipika hakuiondoi.