Chajio juu ya maji: Kwa nini Mombasa na Jinja zaweza, Nairobi haiwezi

MKAZI wa Mutuini, magharibi mwa Nairobi, anayetamani kula chajio akiwa ndani ya chombo kinachoelea polepole huku taa za mji zikimetameta majini, hana budi kukata tikiti ya kwenda mbali. Akipanda garimoshi la Madaraka Express, lililoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, atasafiri takriban kilomita 480 hadi Mombasa. Akielekea upande wa pili, itambidi avuke mpaka aingie Uganda na kufika Jinja, pale Mto Nile unapoliaga Ziwa Victoria.

Ilhali mji anaouacha nyuma una jina la maji. Enkare Nairobi, yaani maji baridi, ndivyo Wamaasai walivyouita mto uliowavutia wajenzi wa reli mwaka wa 1899 kupiga kambi mahali hapo kabla ya kuukabili mteremko wa Bonde la Ufa. Mji uliozaliwa kwa sababu ya mto leo hauna hata mkahawa wa kuelea. Wengi hudhani sababu ni uchafu pekee. Uchafu umo, tena mwingi, lakini si wote.

Chombo cha kuandalia watu chakula kinahitaji kwanza kina. Mashua ya kubeba watu hamsini, wahudumu, jiko na meza zao, hata ikiundwa kwa tako bapa, huhitaji zaidi ya mita moja ya maji ili isikwame. Pili, huhitaji maji yaliyotulia, kwa kuwa hakuna anayetaka mchuzi wake umwagikie mapajani. Tatu, huhitaji upana wa kugeuzia. Mwisho ndipo linapokuja suala la harufu.

Mombasa imejaliwa hayo matatu ya kwanza na bahari. Kwa miaka mingi majahazi yaliyogeuzwa mikahawa, mashuhuri zaidi yakiwa yale ya mkahawa wa Tamarind ulioko Nyali, yamewazungusha wageni jioni katika hori la Tudor. Abiria huipita Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka wa 1593, na kuzitazama nyumba za Mji wa Kale kutoka upande ambao mwenyeji wa barabarani haujui. Kisha jahazi hutia nanga penye utulivu karibu na mikoko, samaki na kamba huchomwa juu ya makaa, na muziki huchezwa kwa sauti isiyowazuia watu kuzungumza.

Hata hivyo, Tudor si mto. Ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na maji yake hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Hilo ndilo linalowasaidia wenye majahazi, kwani hori hilo nalo hupokea maji taka ya mji kwa wingi. Bahari hufagia kila siku yale ambayo mji umeshindwa kuyazuia. Mgeni anayesifu usafi wa Mombasa akiwa na uma mkononi angetakiwa kumshukuru mwezi unaoyavuta maji, wala si wahandisi wa majitaka.

Jinja ni mfano ulio karibu zaidi na mto wa mjini hasa. Huko boti huondoka jua linapokaribia kutua, zikawapeleka abiria hadi mahali panapotajwa kuwa chanzo cha Nile. Wengi hawajui kwamba utulivu wanaoufurahia ni wa kutengenezwa. Mzungu John Hanning Speke alipofika hapo mwaka wa 1862 aliyakuta maporomoko, akayapa jina la Ripon. Mwaka wa 1954 bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, lilizinduliwa kilomita chache chini ya hapo. Maji yakarudi nyuma, yakapanda na kuyafunika maporomoko hayo. Kabla ya bwawa, hakuna nahodha mwenye akili timamu ambaye angeandaa meza mahali hapo.

Sasa turudi Mutuini. Eneo hilo la Dagoretti Kusini liko mahali mito ya Nairobi inapokuwa bado michanga. Mto Nairobi wenyewe huanzia katika kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, katika kaunti jirani ya Kiambu. Mto Motoine, ambao jina lake linakaribiana mno na la Mutuini, huanzia katika viunga hivyo hivyo vya magharibi, ukapenya Msitu wa Ngong na kupita Kibera. Ukishatoka hapo hubadili jina na kuitwa Mto Ngong, ukakata eneo la viwanda kabla ya kukutana na Mto Nairobi upande wa mashariki.

Ondiri iko kwenye kimo cha takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Katikati ya jiji ni mita 1,660 hivi. Maana yake ni kwamba mto hauendi, unateremka. Maji yanayoteremka kwa kasi hayajikusanyi yakawa na kina. Hukimbia juu ya mawe na kuchimba makorongo. Wakati wa kiangazi mtu mzima anaweza kuvuka sehemu nyingi za mito hiyo kwa kukanyaga mawe, viatu vyake visilowe. Mvua za masika zinapofika, mto ule ule huwa mnyama mwingine. Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliua watu na kuzoa nyumba Mathare na mitaa mingine ya kingo za mito, na serikali ikaamuru waliokaa ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Ubomoaji uliofuata uliwaacha wengi bila pa kulala hali mvua ingali inanyesha.

Mto wa namna hiyo, ambao Februari haufiki magotini na Aprili unabeba nyumba, hauwezi kuwa na gati wala ratiba ya safari. Thames ya London na Seine ya Paris ni mito mipana ya nyanda za chini. Kulinganisha Mto Nairobi nayo, kama wanavyopenda wanasiasa wanaporudi kutoka ziara za ng'ambo, ni kumlinganisha mbuzi na ngamia kwa kuwa wote wana miguu minne.

Si kweli, hata hivyo, kwamba Nairobi haijawahi kuwa na vyombo majini. Mwaka wa 1953 ukuta ulijengwa kuuzuia Mto Motoine, likapatikana Bwawa la Nairobi, baina ya Lang'ata na mahali Kibera ilipo leo. Lilikusudiwa kuwa akiba ya maji ya kunywa wakati wa dharura. Lilikuwa na upana wa hekta 35 hivi, na upepo wake ulitosha kusukuma matanga. Wapenzi wa mashua walianzisha klabu yao hapo, wakawa wakishindana mwishoni mwa wiki. Wavuvi nao walikuja na ndoano. Kwa ufupi, kile ambacho Nalubaale ilifanya Jinja, bwawa hili lilikifanya Nairobi kwa kiwango kidogo. Liliyatuliza maji.

Kilicholiua kinaeleweka vizuri. Watu waliongezeka juu ya bwawa bila mabomba ya majitaka kuongezwa. Kinyesi, sabuni, takataka na udongo viliteremka kila mvua iliponyesha, vikatua pale pale maji yalipotulia, kwani utulivu unaoisaidia mashua ndio huo huo unaoisaidia tope kutua. Maji yaliyojaa mbolea ya kinyesi ni shamba zuri la gugu maji, na kufikia mwishoni mwa miaka ya tisini gugu hilo lilikuwa limetandaa juu ya bwawa kama zulia. Matanga yalikunjwa. Sehemu ya bwawa ikawa nchi kavu ambayo watu walilima mboga. Kwa miaka mingi kilichobaki cha kumpa mtoto wa Nairobi ladha ya kupiga makasia kilikuwa ni kiziwa cha kuchimbwa katika bustani ya Uhuru Park.

Juhudi za kuisafisha mito ya jiji hazijakosekana. Mpango wa bonde la Mto Nairobi ulianza mwaka wa 1999 kwa ushirikiano na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), ambalo makao yake makuu yako Gigiri. Marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira kuanzia 2008 hadi kifo chake mwaka wa 2012, aliuvamia uchafu huo kwa ukali aliotumia awali dhidi ya matatu, na kwa muda wakazi waliona tofauti. Bustani yenye jina lake, kwenye ukingo wa mto karibu na mzunguko wa Globe, ilirejeshwa mwaka wa 2020 baada ya kugeuzwa karakana ya magari kwa miaka. Mwishoni mwa 2022 iliundwa Tume ya Mito ya Nairobi. Machi 2025 Rais William Ruto akazindua mradi wa Sh50 bilioni wa kuufufua mto huo kwa umbali wa kilomita 27, kuanzia barabara ya Naivasha hadi Ruai, pamoja na mabomba mapya ya majitaka na njia za kutembelea.

Anayeisoma ramani kwa makini ataona jambo. Barabara ya Naivasha iko chini ya Mutuini na Ondiri. Kilicho juu ya hapo, yaani viunga ambavyo mashamba ya zamani yamekatwakatwa kuwa ploti na ploti kuota magorofa ya kukodisha, ndicho kitakachoamua rangi ya maji yatakayopita mbele ya viti vya bustani. Takriban nusu tu ya Nairobi ndiyo iliyounganishwa na mabomba ya majitaka. Penginepo nyumba hutegemea shimo la choo au tangi la chini ya ardhi, ambalo hunyonywa na lori mwenye nyumba akilipia; asipolipia, kuna njia ya bei nafuu zaidi usiku wa mvua.

Mji ambao huenda ungeifaa Nairobi kama kielelezo ni Seoul, Korea Kusini. Huko kijito cha Cheonggyecheon kilifunikwa kwa saruji na barabara ya juu ikajengwa juu yake. Barabara hiyo ilibomolewa, na mwaka wa 2005 kijito kikafunguliwa tena kwa umbali wa kilomita 5.8. Hakuna mashua za chajio pale, kwa kuwa kina hakitoshi. Watu huketi ukingoni jioni na kutumbukiza miguu majini. Lakini hilo nalo lina gharama: maji mengi ya kijito hicho huvutwa kwa pampu kutoka Mto Han, siku baada ya siku.

London, kwa upande wake, ina kisa ambacho wapangaji wa mabomba hawapaswi kukisahau. Majira ya joto ya 1858 uvundo wa Thames uliwakera hata wabunge, wakaidhinisha fedha. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mitaro mikubwa iliyobeba uchafu na kuumwaga mtoni mashariki mwa mji. Katikati ya London pakanukia. Kisha jioni ya Septemba 3, 1878, meli ya starehe Princess Alice, iliyojaa familia zilizokuwa zikirudi kutoka matembezi, iligongwa na meli ya makaa ya mawe karibu na pale mitaro ilipomwagia uchafu, muda mfupi baada ya kumwagwa. Zaidi ya watu 600 walikufa, wengi wakiwa wamezama katika maji taka ya mji wao wenyewe. Ndipo London ilipolazimika kuanza kuutenganisha uchafu na maji, badala ya kuuhamisha tu. Hata baada ya hapo, mwaka wa 1957 wanasayansi walitangaza kuwa sehemu ya mto huo haina uhai. Chajio cha leo chini ya Tower Bridge kimetokana na kazi ya zaidi ya karne moja.

Nairobi nayo ina mashariki yake. Mto ukiiacha Ruai huungana na Athi, ukapita Machakos, Makueni na Kitui, ambako kuna wakulima wanaonyunyizia mboga kwa maji hayo, na ambako ujenzi wa Bwawa la Thwake umeibua swali zito: bwawa hilo litahifadhi maji gani? Hofu ya wakazi si ya kubuni, kwa kuwa Bwawa la Nairobi limekwisha kuonyesha kinachotokea maji taka yanapofika mahali pa kutulia. Mbele zaidi Athi hukutana na Tsavo, hugeuka Galana, kisha Sabaki, na kumwagika katika Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi.