Siri ya vijana kuzama katika katuni za Kijapani za enzi ya kanda

KIJANA aliyezaliwa karne hii ana katuni mpya za Kijapani, maarufu kama anime, za kumtosha kutazama mwaka mzima bila kurudia hata moja. Hata hivyo, miongoni mwa wapenzi wa sanaa hiyo kuna wavulana kwa wasichana wanaozipa kisogo kazi za leo na kutafuta zile zilizoonyeshwa kabla ya wao kuzaliwa.

Mara nyingi safari hiyo huanzia kwenye kazi iliyorudiwa. Space Battleship Yamato, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974, ilianza kutolewa upya mwaka 2012. Urusei Yatsura ya mwaka 1981 nayo ikarejea mwaka 2022. Mtazamaji akimaliza toleo jipya hupata hamu ya kujua la awali lilikuwaje, na akishalionja, harudi upesi.

Kinachomnasa kwanza ni mkono wa mchoraji. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, takriban kila mchoro ulinakiliwa kwenye karatasi angavu ya plastiki iitwayo seli, ukapakwa rangi kwa upande wa nyuma, ukalazwa juu ya picha ya mandhari na kupigwa picha kwa kamera ya filamu. Seli moja ilipoondolewa, nyingine ilichukua nafasi yake, maelfu kwa kipindi kimoja. Osamu Tezuka, aliyeanza kuonyesha Tetsuwan Atom mnamo Januari 1, 1963, alipunguza gharama kwa kutumia michoro michache: uso hutulia tuli huku mdomo pekee ukichezacheza. Umaskini huo uligeuka kuwa mtindo. Sazae-san, iliyoanza mwaka 1969, iliachana na seli mwaka 2013 pekee, miaka mingi baada ya wengine kuhamia kwenye kompyuta.

Hapa pana kinaya ambacho wengi hawakijui. Kwa kuwa kazi hizo za kale zilihifadhiwa kwenye filamu halisi, leo zinaweza kusomwa upya kwa mashine za kisasa na kutoa picha safi kuliko ilivyowahi kuonekana kwenye runinga za wakati wake. Kinyume chake, nyingi za zile zilizotengenezwa kwa kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipimwa kwa kiwango cha runinga za siku hizo, na hazina filamu ya kurejelewa. Mjukuu amezeeka kabla ya babu.

Lakini picha ni nusu tu ya habari. Kijana huyo hugundua punde kwamba kazi anazozipenda zingezikwa zamani lau si mashabiki. Yamato iliwekwa saa moja na Heidi, iliyoongozwa na Isao Takahata, ikashindwa vibaya kuvuta watazamaji na kukatizwa baada ya vipindi 26. Mashabiki hawakukubali. Filamu iliyounganishwa kutokana na vipindi hivyo ilipofika kwenye majumba ya sinema mwaka 1977, watu walipiga foleni. Mobile Suit Gundam ya mwaka 1979 nayo ilikusudiwa kuwa na vipindi 52 ila ikafungwa katika cha 43. Marudio ya vipindi hivyo na vielelezo vya plastiki vya roboti zake, vilivyoanza kuuzwa mwaka 1980, viliifufua. Mnamo Februari 22, 1981, maelfu ya vijana walifurika Shinjuku jijini Tokyo kutangaza kuwa enzi mpya ya anime imewadia.

Ng'ambo, kazi ilikuwa ngumu zaidi. Mwezi Mei 1977, kundi la watu akiwemo mwandishi Fred Patten liliunda jijini Los Angeles chama cha Cartoon/Fantasy Organization. Wanachama walikusanyika mbele ya runinga moja na kutazama vipindi vya Kijapani visivyo na tafsiri, mmoja wao akieleza kisa kadiri alivyokielewa. Kanda zilisafiri kwa posta. Bahati yao ni kwamba Japani na Marekani zilitumia mfumo mmoja wa mawimbi ya runinga, NTSC, hivyo kanda iliyorekodiwa Tokyo ilichezeka Los Angeles. Shabiki wa Nairobi, ambako PAL ndio uliotumika, angepokea kanda hiyo hiyo na kuambulia picha iliyovurugika.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, wapenzi wenye kompyuta za nyumbani walianza kubandika tafsiri chini ya picha wenyewe. Kisheria walikuwa wakinakili mali ya wenyewe, na hakuna haja ya kulificha hilo. Wengi wao, hata hivyo, walijiwekea mwiko: kampuni ikinunua haki za kuuza kazi fulani, mzunguko wa nakala zao ukome. Kila nakala ilififia kuliko iliyoizaa, hivi kwamba aliyekuwa wa tano katika mnyororo alitazama vivuli.

Si ajabu basi kwamba baadhi ya wakongwe humwona chipukizi wa leo kama mgeni aliyefika karamuni baada ya vyombo kuoshwa. Kinyongo hicho kinaeleweka, ila ni anasa wasiyoimudu. Patten aliaga dunia mwaka 2018. Shehena yake ya vitabu na majarida ilipata hifadhi katika Chuo Kikuu cha California, Riverside. Makusanyo mengi hayana bahati hiyo. Seli huoza taratibu zikitoa harufu ya siki, na utepe wa kanda hupoteza kumbukumbu zake hata ukiwa kabatini. Kuna kazi ambazo hazijawahi kuuzwa rasmi nje ya Japani, na ambazo tafsiri yake ya pekee imo kwenye kanda za aina hiyo.

Vijana wameanza kuzihamisha kanda hizo kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine. Tatizo ni mashine: Funai, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisitisha kazi hiyo Julai 2016. Deki zinazofanya kazi zimebaki sebuleni mwa wazee wale wale, na anayezihitaji hana budi kubisha hodi.