Kopolima Ndani ya Vitundu Vyembamba

Kopolima bloku ni molekuli ndefu iliyoundwa kwa minyororo miwili au zaidi ya polima za aina tofauti, iliyoungwa ncha kwa ncha kwa kifungo imara cha kikemia. Mfano unaotumiwa sana maabara ni polistirini, plastiki ngumu ya vikombe na vifungashio, iliyoungwa na polibutadieni, ambayo ni mpira unaotumika katika matairi. Minyororo hiyo haipatani, kama mafuta na maji, lakini kwa kuwa imefungwa pamoja haiwezi kuachana kabisa, na kwa hiyo kila upande hujitengea eneo lake dogo, lenye upana wa nanomita 10 hadi 100 hivi, bega kwa bega na eneo la mwenzake. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita.

Kopolima inapokuwa na nafasi ya kutosha, umbo la maeneo hayo huamuliwa zaidi na uwiano wa ujazo: pande mbili zikilingana hutokea matabaka bapa, upande mmoja ukipungua hutokea silinda, na ukipungua zaidi hutokea tufe. Mambo hubadilika pale nafasi inapokuwa finyu kiasi cha kukaribia upana wa tabaka lenyewe.

Nafasi ya namna hiyo hupatikana kwa kutumbukiza alumini katika asidi na kuipitishia umeme, hata uso wake ukaota ganda la oksidi lenye vitundu vilivyonyooka, ambavyo upana wake hufuata kiwango cha volti. Kopolima ikipashwa joto kupita nyuzi 100 za Selsiasi, ambapo polistirini hulainika, huvutwa yenyewe ndani ya vitundu hivyo, kisha huachwa katika joto kwa muda mrefu ili minyororo ijipange. Baadaye oksidi huyeyushwa kwa sodiamu hidroksidi, na vijiti vya polima vinavyobaki hukatwa vipande vyembamba mno na kutiwa tetroksidi ya osmiamu, kemikali inayong'ang'ania polibutadieni peke yake, hivyo chini ya hadubini ya elektroni mpira huonekana mweusi na plastiki nyeupe.

Mwaka 2004 kundi la Thomas Russell wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, lilieleza katika jarida la Science kilichoonekana. Matabaka ambayo kwa kawaida ni bapa yalikuwa yamejikunja na kufuata ukuta wa kitundu, yakawa mirija iliyomo ndani ya mirija yenye kitovu kimoja. Sababu ni kwamba ukuta huvutia upande mmoja wa kopolima kuliko mwingine, na upande huo ukishaugusa, mwingine hulazimika kupanga safu nyuma yake. Shida huwa katikati, kwani huko mkunjo ni mkali na minyororo hubanwa au kunyooshwa kuliko inavyopenda. Kipenyo cha kitundu kikiwa hakigawanyiki vizuri kwa upana wa jozi ya matabaka, usumbufu huo huzidi, na badala ya mirija hujitokeza pete zilizopangwa moja juu ya nyingine.

Kopolima za silinda zina mengi zaidi ya kushangaza. Kitundu chembamba sana huruhusu silinda moja tu katikati. Kikipanuka kidogo, silinda hiyo huona nafasi iliyobaki ni kubwa kwa moja na ndogo kwa mbili, ikajipinda kuwa msokoto mmoja unaopanda kwa kuzunguka, na baadaye misokoto miwili. Hesabu za kompyuta za Baohui Li, An-Chang Shi na wenzao, zilizochapishwa mwaka 2006, zilionyesha mfululizo wa maumbo hayo, na watafiti wa Santa Barbara, California, walikuwa tayari wameona misokoto ya aina hiyo mwaka 2004 katika silika iliyofinyangwa kwa kopolima ndani ya vitundu vya alumini.

Ukuta, hata hivyo, hauchagui upande wa kuzungukia, kwa sababu kitundu cha mviringo hakina kulia wala kushoto; kwa hiyo misokoto ya pande zote mbili hutokea kwa kiasi sawa. Anayetaka mzunguko wa upande mmoja, kwa mfano ili kuathiri mwanga kwa namna maalumu, hana budi kuutafuta katika molekuli yenyewe, kama walivyofanya Rong-Ming Ho na wenzake nchini Taiwan, waliounga polistirini na polima ya asidi ya laktiki, ambayo molekuli zake zimeelekea upande mmoja, kulia au kushoto, tangu mwanzo.