Kunogewa na Hadithi si Kupoteza Muda

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mtoto aliyeinamia kitabu cha hisabati huachwa asome, lakini akionekana na riwaya huulizwa kama amemaliza kazi za shule. Swali hilo linatokana na imani kwamba kusoma ni kwa namna mbili: kusoma kwa ajili ya mtihani, ambako kuna faida, na kusoma kwa raha, ambako ni starehe tu. Imani hiyo inaeleweka, maana ada zinauma na nafasi za masomo ni chache. Hata hivyo, ushahidi uliokusanywa kwa miongo kadhaa unaelekea kwingine. Raha ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya faida, na mtoto anayenyimwa raha hunyimwa na faida yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walifanya jaribio katika shule za msingi za vijijini nchini Fiji. Watoto wa huko walizungumza Kifiji au Kihindi nyumbani, na Kiingereza walikikuta darasani, hali ambayo mwalimu wa Tanzania au Kenya hana haja ya kuelezwa. Kiingereza chenyewe walifundishwa kwa kukaririshwa miundo ya sentensi, mmoja baada ya mwingine. Madarasa ya shule 8 yaliletewa vitabu 250 kila moja, vingi vikiwa vya hadithi zenye picha, vilivyochaguliwa kwa kuwa vingewavutia watoto. Shule nyingine ziliendelea na mtaala wa kawaida. Baada ya miezi 8, watoto walioletewa vitabu walikuwa wameendelea katika kusoma kwa kasi ya karibu mara mbili ya kawaida. Walipopimwa tena mwishoni mwa mwaka wa pili, pengo lilikuwa limepanuka, na faida ilikuwa imeenea hadi kwenye stadi nyingine za Kiingereza ambazo vitabu hivyo havikukusudiwa kuzifundisha.

Kwa nini hadithi zifaulu pale ambapo mazoezi yalisuasua? Jibu limo katika namna neno jipya linavyokaa akilini. Mwaka 1999, watafiti wa Uholanzi, Swanborn na de Glopper, walijumlisha matokeo ya majaribio 20 wakakuta kwamba msomaji akipita kwenye maneno 100 asiyoyajua, hujifunza takriban 15 tu bila kufundishwa. Ni kiasi kidogo, na hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Neno halijulikani kwa kukutana nalo mara moja. Leo msomaji analiona katika ugomvi wa wahusika wawili, wiki ijayo katika maelezo ya bandari, mpaka maana inatulia. Kwa hiyo faida hii haipatikani ila kwa kusoma sana, maelfu ya kurasa, na hakuna mzazi wala mwalimu awezaye kumlazimisha mtoto asome maelfu ya kurasa. Raha inaweza. Anayetaka kujua mpelelezi Bwana Msa atalifumbuaje fumbo la Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960, hahesabu kurasa. Anafuata kisa, na njiani anaokota Kiswahili cha Unguja chenye utajiri usiosikika katika maongezi ya kila siku. Kwa Kiingereza jambo hili limepimwa. Watafiti Hayes na Ahrens walionyesha mwaka 1988 kwamba vitabu vya watoto vina maneno adimu karibu 31 katika kila maneno 1,000, ilhali mazungumzo ya watu wazima waliohitimu chuo kikuu yana 17 hivi. Kwa kipimo hicho, kitabu cha mtoto kinampita msomi anayepiga soga.

Mtu makini atauliza kama hatujaanzia mwisho. Huenda watoto wenye uwezo ndio wanaopenda vitabu, wala si vitabu vilivyowapa uwezo. Swali hili ni la haki, na lina ushahidi. Mwaka 2018 Elsje van Bergen na wenzake walichunguza mapacha zaidi ya 11,000 wa Uholanzi, wa umri wa miaka 7 na nusu hivi, wakaona kwamba katika umri huo uwezo wa kusoma ndio unaovuta hamu. Nayakubali matokeo hayo, na naona yanatukumbusha jambo ambalo sisi wapenda vitabu hulisahau: raha haimjii mtoto anayetokwa jasho kwa kila silabi. Lazima kwanza afundishwe vizuri herufi na sauti zake, na Kiswahili humsaidia kwa kuwa maandishi yake yanafuata matamshi. Lakini umri huo ni mwanzo tu wa safari. Suzanne Mol na Adriana Bus, waliokusanya tafiti 99 mwaka 2011, walikuta kwamba kusoma kwa hiari kulihusiana na takriban asilimia 12 ya tofauti za umilisi wa lugha kwa watoto wadogo, na asilimia 34 kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Uhusiano unakua kadiri miaka inavyokwenda, na ndivyo tungetarajia ikiwa uwezo huzaa hamu na hamu nayo huongeza uwezo. Tena kule Fiji watoto hawakujichagua wenyewe; vitabu viliwafuata darasani, wepesi na wazito pamoja.

Wengine wanakubali vitabu ila wanataka viwe vya mambo ya kweli. Vitabu hivyo vina kazi yake, lakini uchambuzi wa Jerrim na Moss wa mwaka 2019, uliohusu vijana zaidi ya 250,000 katika nchi 35, ulikuta kwamba waliosoma hadithi za kubuni mara kwa mara ndio waliokuwa na stadi bora zaidi za kusoma; magazeti, majarida na vitabu vya katuni havikuonyesha uhusiano kama huo. Nafikiri sababu ni kwamba riwaya humtaka msomaji akae nayo muda mrefu, akikumbuka nani alisema nini sura tatu zilizopita. Sitaongeza hapa dai lililoenea kwamba kurasa chache za fasihi humfanya mtu awe na huruma zaidi papo hapo: utafiti wa mwaka 2013 ulisema hivyo, lakini wengine waliourudia hawakupata matokeo yale. Kusoma kuna faida za kutosha bila ya kuvishwa zisizothibitika.

Kuhusu kusomea kwenye simu, uchambuzi wa Delgado na wenzake wa mwaka 2018, uliojumuisha tafiti 54, ulionyesha kwamba watu huelewa zaidi wakisoma kwenye karatasi kuliko kwenye skrini, hasa maandishi ya maarifa na yanaposomwa kwa haraka. Kwa hadithi, tofauti haikuonekana. Basi palipo mbali na duka la vitabu, hadithi ya kwenye simu inafaa, mradi ujumbe unaoingia uzimwe. Shuleni, dakika 20 za kusoma kimya kila siku zinatosha kuanzia. Mwanafunzi achague kitabu mwenyewe, aruhusiwe kukiacha kisipomnogea, na asidaiwe muhtasari wala majibu ya maswali akimaliza.