Mkuu wa Kituo cha Polisi

Watu wengi hudhani ya kuwa mkuu mwema wa kituo hujulikana kwa ukali. Sisi twaona hujulikana kwa kitabu cha matukio. Katika Kenya kila habari iletwayo kituoni yapasa kuandikwa humo na kupewa nambari. Nayo Katiba ya mwaka 2010 yaamuru mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya kupita saa 24, au zikimalizika siku isiyo ya mahakama, siku ya mahakama ifuatayo. Mkuu aketiye akingoja saluti hajui ni nani amelala mahabusu tangu juzi. Lakini asomaye kitabu kila asubuhi, kisha akaenda mwenyewe kuwahesabu mahabusu, askari wake huogopa kuacha jina lisiloandikwa. Mpelekapo habari, msiondoke bila nambari yenu.