Nyaraka zisisubiri shahada ya pili

Utafiti wa nyaraka ni kazi ya kutafuta ushahidi katika maandishi ya awali: barua, ripoti, shajara, mihtasari ya mikutano, ramani na masimulizi yaliyonakiliwa. Mara nyingi kazi hii huachiwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, huku wale wa shahada ya kwanza wakipewa vitabu vya kusoma na kufupisha. Mwanafunzi wa namna hiyo huweza kuhitimu akijua wanahistoria walisema nini, asijue walijuaje.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mfano wa njia nyingine. Mwaka 1968, kilipokuwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, wanafunzi wa historia walikwenda vijijini kuwahoji wazee kuhusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Waliongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa. Masimulizi na insha zao vilipigwa chapa na kuhifadhiwa, na hadi leo watafiti wa vita hivyo huinukuu kazi ya vijana ambao walikuwa hawajapata hata digrii ya kwanza.

Mkusanyiko huo umo East Africana, sehemu ya maktaba ya chuo inayotunza maandishi kuhusu Afrika Mashariki. Humo zimo pia karatasi za Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika aliyeandika kuhusu sheria za kimila za Wahaya na Wasukuma. Imo vilevile miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ambayo J. W. T. Allen aliitolea katalogi mwaka 1970. Hazina ipo, mwanafunzi anahitaji kuonyeshwa mlango.

Jambo la kwanza la kumfundisha ni mpangilio. Vitabu hupangwa kwa mada, lakini nyaraka hupangwa kwa asili yake: karatasi za mtu mmoja au ofisi moja hukaa pamoja, kwa utaratibu aliouacha mwenyewe. Anayetafuta habari za kilimo cha pamba hawezi kutegemea kukuta jalada moja lenye kila kitu. Hana budi kujiuliza ni ofisa gani, misheni gani au chama gani cha ushirika kingeandika habari hizo, na katika miaka ipi. Hapo ndipo atasoma mwongozo wa mkusanyiko, atazungumza na mkutubi na kuomba jalada kwa namba yake.

Jambo la pili ni adabu za chumba cha kusomea. Mkoba huachwa nje, penseli hutumika badala ya kalamu ya wino, na jalada hufunguliwa moja baada ya jingine. Mwanafunzi aelezwe sababu: wino ukidondoka haufutiki, na barua ikirudishwa pasipo pake imempotea msomaji anayefuata, hata kama bado imo chumbani humo.

Jambo la tatu, na ndilo zito kuliko yote, ni kusoma kwa kuhoji. Nani aliandika, akimwandikia nani, lini, kwa haja gani, na nani hakupewa nafasi ya kusema? Maofisa wa Kijerumani walioandika kuhusu Majimaji walikuwa wakiwaeleza wakubwa wao kwa nini watu waliokuwa chini ya utawala wao waliasi. Wazee wa 1968 walisimulia kulimishwa pamba kwa nguvu, kodi na viboko. Hata hivyo, nao walisema zaidi ya miaka 60 baada ya tukio, katika nchi huru iliyokwisha kuwaheshimu wapiganaji hao. Ushahidi wa pande zote mbili unafaa, ila kila mmoja upimwe kwa mazingira yaliyouzaa.

Jambo la nne ni kumbukumbu. Kila nukuu iandikwe pamoja na jina la mkusanyiko, namba ya jalada, tarehe na ukurasa. Maneno ya waraka yatenganishwe na maoni ya msomaji. Mwanafunzi afahamu pia mipaka ya sheria na utu: Tanzania, kwa mujibu wa sheria ya 2002, kumbukumbu za serikali kwa kawaida hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 30, na siri za watu binafsi zinahitaji uangalifu zaidi.

Haya yote yanaweza kuanza kwa zoezi dogo katika mwaka wa kwanza. Mhadhiri na mkutubi huchagua mapema nyaraka chache zinazosomeka, kila kundi likapewa waraka mmoja na kutakiwa kuandika kurasa mbili kuhusu mwandishi wake, lengo lake na jambo usilolijibu. Darasa likiwa kubwa, nakala za kidijitali husaidia, mradi wanafunzi waone walau mara moja karatasi halisi yenye mihuri na maandishi ya pembeni. Mwaka wa pili hulinganisha nyaraka mbili zinazopingana. Kufikia mwaka wa tatu, mwanafunzi anaweza kuunda swali lake, kulitafutia majalada na kulijibu kwa ushahidi ambao mtu mwingine anaweza kuufuata na kuuhakiki.